Siku 84 za likizo ya uzazi si miezi mitatu: namna ya kuhesabu wiki, miezi na miaka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inampa mfanyakazi mwanamke haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 iwapo amejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinataja muda kwa vipimo vitatu tofauti: miezi, wiki na siku. Kuvichanganya vipimo hivyo kunaweza kumfanya mfanyakazi achelewe kurejea kazini pasipo kukusudia.

Chanzo cha makosa mengi ni dhana kwamba mwezi una wiki nne. Wiki nne ni siku 28, ilhali kwa wastani mwezi una siku 30.4, sawa na wiki 4.35. Kwa sababu hiyo, ujauzito wa wiki 40, yaani siku 280, ni takriban miezi tisa na siku chache, wala si miezi kumi.

Mwaka wa kawaida wenye siku 365 una wiki 52 na siku moja. Mwaka mrefu wenye siku 366 una wiki 52 na siku mbili. Njia sahihi ya kubadili wiki kuwa miaka ni kuzidisha idadi ya wiki kwa 7 ili kupata siku, kisha kugawanya kwa 365.25. Kwa mfano, wiki 260 ni siku 1,820, pungufu ya miaka mitano kwa takriban siku sita.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayetarajia kujifungua mtoto mmoja tarehe 15 Juni, 2026. Taarifa kwa mwajiri, ikiambatana na cheti cha daktari, inapaswa kutolewa angalau miezi mitatu kabla, yaani kufikia tarehe 15 Machi. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, ambayo ni Jumatatu, tarehe 18 Mei, au mapema zaidi endapo daktari atathibitisha kuwa afya ya mama inahitaji hivyo.

Siku 84, ambazo ni wiki 12 kamili, zitakwisha Jumapili, tarehe 9 Agosti, na mfanyakazi atatakiwa kuripoti kazini Jumatatu, tarehe 10 Agosti. Akihesabu miezi mitatu, ataripoti tarehe 18 Agosti, akiwa amechelewa siku nane, na kutokuwepo huko kunaweza kuhesabiwa kuwa utoro kazini.

Aidha, sheria hairuhusu mama kufanya kazi ndani ya wiki sita, yaani siku 42, baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza.

Kwa msingi huo, ni vyema mfanyakazi na mwajiri wahesabu siku kwenye kalenda na kuandika tarehe ya kuanza na ya kurejea kabla likizo haijaanza.