Unaendesha Gari, Lakini Je, Unalijua?

Mwezi Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz aliondoka nyumbani kwake Mannheim asubuhi mapema bila kumwambia mumewe. Aliwachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakapanda gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl. Walikuwa wanakwenda Pforzheim kwa mama yake Bertha, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amesafiri mbali kiasi hicho kwa gari la namna ile.

Njiani mambo yalikuwa mengi. Bomba la mafuta lilipoziba, Bertha alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunga kwa ukanda wa soksi. Breki zilipolika, alimwendea fundi viatu akazigongelea ngozi. Maji ya kupoza injini yalikauka mara kwa mara, wakawa wanayaongeza kila walipoyapata. Jioni wakafika salama.

Basi, akina mama, dereva wa kwanza wa safari ndefu alikuwa mama mwenzetu, tena alijua kulihudumia gari lake. Sisi je? Tunawapeleka watoto shuleni, tunakwenda sokoni, msibani na kanisani. Gari likizima katikati ya mbuga ya Mikumi, ni wangapi kati yetu wanaojua hata boneti hufunguliwa wapi?

Kwa nini hatujui?

Sababu ya kwanza ni kwamba wengi tulijifunza kuendesha, hatukujifunza gari. Tulifundishwa kubadili gia, kupanda mlima na kusoma alama za barabarani. Tulipopata leseni tukaona kazi imekwisha.

Sababu ya pili ni gari zenyewe. Gari nyingi tulizo nazo zimetumika kwanza Japani, na kitabu cha maelezo, kama kimo, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Tena nyingi ni otomatiki. Zamani betri ikifa, vijana walisukuma gari na likawaka. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wasukume hadi jioni. Linahitaji kubustiwa kwa waya kutoka kwenye betri ya gari jingine.

Sababu ya tatu ni ile kauli kwamba mambo ya gari ni ya wanaume. Tuseme ukweli: wapo akina baba wengi ambao nao hawajui, ila wao huona aibu kusema. Hufungua boneti, hutazama kidogo, hutikisa kichwa, kisha humpigia fundi simu.

Hakuna anayekutaka uwe fundi. Injini za siku hizi zina vifaa vya umeme ambavyo hata fundi mzoefu huhitaji mashine kuvipima. Lakini yapo mambo machache ambayo kutoyajua kunaweza kukuunguza uso, kukuulia injini au kukutoa roho. Hayo ndiyo ya kujifunza.

Taa za dashibodi zinasema nawe

Kumbuka kanuni moja: taa ya njano inakuambia umwone fundi mapema, taa nyekundu inakuambia usimame. Taa nyekundu yenye umbo la birika ni ya oili. Ikiwaka unapoendesha, egesha mahali salama na uzime injini papo hapo. Oili ndiyo inayozuia vyuma kusagana. Dakika chache tu bila oili zinaweza kuharibu injini nzima, na gharama yake ni ada za watoto za mwaka.

Kupima oili hakuhitaji nguvu wala elimu kubwa. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kama tano. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Fanya hivyo kila wiki mbili, na kila mara kabla ya safari ndefu.

Injini ikichemka

Wanaosafiri kwenda Iringa na Mbeya wanaijua Kitonga. Gari lililojaa abiria na mizigo hupanda mlima ule kwa gia ndogo, na mshale wa joto nao huanza kupanda. Ukiuona unakaribia alama nyekundu, zima kiyoyozi, tafuta mahali pa kuegesha na uzime injini.

Sasa hapa ndipo wengi huungua. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto! Maji yaliyomo yamebanwa kwa nguvu, ndiyo maana hupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko, yale maji hugeuka mvuke ghafla na kuruka juu, usoni na mikononi mwako, na kwa mtoto aliyesimama kando akichungulia. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuugusa mfuniko bila kuungua. Kisha weka kitambaa kinene juu yake, ufungue taratibu na uongeze maji kidogo kidogo. Maji mengi ya baridi kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua.

Na ukishaongeza, usiridhike. Maji hayapotei bure. Kuna mahali yanavuja, au feni haizunguki. Mwone fundi.

Tairi

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana linapozunguka, hupata joto, na kwenye mwendo mkali hupasuka. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva. Pima asubuhi, kabla tairi halijapata joto.

Angalia pia umri wa tairi. Ubavuni pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na mifereji mizuri na bado mpira wake ukawa umezeeka na kuanza kupasukapasuka.

Usilisahau la akiba. Gari nyingi ndogo zina tairi la akiba jembamba, ambalo limetengenezwa kukufikisha kwa fundi tu. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, na linahitaji upepo mwingi kuliko mengine, kwa kawaida paundi 60. Je, umewahi kulipima la kwako? Jeki ipo? Spana ya nati ipo?

Pancha barabarani

Jambo la kwanza si tairi, ni watu. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo magari hupita kuliani kwako. Washa taa za dharura, washushe watoto kwa milango ya kushoto na wasimame mbali na barabara. Weka pembetatu nyekundu hatua 50 au zaidi nyuma ya gari, ili anayekuja kwa kasi apate muda wa kupunguza mwendo. Kama ni usiku na mahali panatisha, nenda polepole hadi penye taa na watu, hata tairi likiharibika kabisa. Tairi linanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Mahali pakiwa salama na tambarare, vuta breki ya mkono na weka mawe kwenye magurudumu. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Ndipo upige jeki, mahali palipotengwa chini ya gari. Usiingie chini ya gari lililo juu ya jeki, hata kuokota nati. Ukishavalisha tairi, shusha gari, kaza nati kwa kupishana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Kama nati ni ngumu, panda juu ya spana kwa mguu, uzito wako utakusaidia.

Ukimaliza, yaondoe yale mawe, na matawi pia kama uliyaweka. Ni mara ngapi mwendesha pikipiki ameyakuta gizani mawe yaliyoachwa na dereva aliyekwisha ondoka? Kumpenda jirani kunafika hata hapo.

Tujifunze pamoja

Vikundi vya akina mama makanisani mwetu hufundishana kuoka keki, kupamba na kushona. Ni vema sana. Kwa nini Jumamosi moja tusimwite fundi mwaminifu, kila mama akafungua boneti ya gari lake na kubadili tairi kwa mikono yake? Tuwalete na binti zetu. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari, na wasichana nao husoma humo.

Ukijua kidogo, hata gereji hutadanganywa kirahisi. Omba uonyeshwe kipuri kilichotolewa. Andika kwenye daftari tarehe ya kubadili oili na kilomita ulizofikia.

Wengi wetu huomba kabla ya safari, na tuendelee. Lakini tukumbuke Nehemia na watu wake: walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi ukutani. Wanawali watano nao walikuwa na taa, walikuwa na nia ya kumpokea bwana arusi, ila mafuta ya akiba hawakuyachukua. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari kuwapeleka watoto, fungua boneti, chomoa kile kijiti, utazame.