Kukanda kwa Maji ya Moto

Ukitoka shamba mgongo umekaza, kukanda kunasaidia. Joto hulegeza misuli.

Chovya kitambaa katika maji ya moto kiasi, ukikamue. Kwanza kiguse kwa upande wa ndani wa mkono wako. Kikiunguza, ngoja kipoe. Kisha kiweke penye maumivu kwa dakika 15 hadi 20.

Lakini angalia! Mguu ulioteguka leo usiukande kwa moto, utazidi kuvimba. Tumia maji baridi.

Tena, mwenye kisukari au ukoma huweza kuwa na ganzi. Akikwambia, “Ongeza moto, sisikii,” usiongeze! Ataungua bila kujua, apate kidonda. Mahali penye ganzi hapakandwi.

Maumivu yasipopungua, nenda zahanati.