Kamera Haijui Umri wa Jiwe

Wasomaji wanaoitalii miji ya kale ya Hungaria kwa kamera za mubashara huniuliza swali lile lile: "Ile ngome nyeupe yenye minara iliyochongoka, juu ya kilima cha Buda, ni ya karne ya ngapi, na ilistahimili vipi mashambulizi ya Waturuki?" Nimelijibu kwa mmoja mmoja hadi nimechoka. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Haikustahimili shambulio lolote la Waturuki. Waturuki hao, yaani Waosmani, waliondolewa Buda mwaka 1686. Halászbástya, yaani Boma la Wavuvi, lilijengwa kati ya mwaka 1895 na 1902, zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Mchoro ni wa msanifu Frigyes Schulek, na minara yake saba inakumbusha makabila saba ya Wamagyar, yaani Wahungaria wa kale. Lilijengwa ili watu wapande, waegemee ukingo na waitazame Pest ng'ambo ya mto Danube. Ndiyo maana kamera inalipenda: kazi yake tangu mwanzo ni mandhari.

Tarehe iliyokosewa ni jambo dogo. Kinachonikera ni imani iliyo nyuma ya swali: kwamba kwa kuwa picha ni ya sasa hivi na haijahaririwa, basi anachokiona mtazamaji ni historia yenyewe. Hapo mambo mawili yamechanganywa. Upya wa picha ni jambo moja, ukale wa jengo ni jingine. Kamera itakwambia kwamba mvua inanyesha Budapest dakika hii. Haitakwambia ukuta unaolowa ulijengwa lini, na nani, wala mara ya ngapi.

Twende kwa mifano. Bunge lililo kando ya Danube, lenye kuba la urefu wa meta 96, lina sura ya kanisa la karne za kati. Ujenzi wake ulianza mwaka 1885. Kasri la Vajdahunyad ndani ya bustani ya jiji lilisimamishwa kwa mbao na makaratasi kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1896, taifa liliposherehekea miaka elfu moja tangu Wamagyar wafike. Watu walilipenda mno, likajengwa upya kwa mawe. Daraja la Minyororo lilifunguliwa mwaka 1849, likalipuliwa na majeshi ya Ujerumani Januari 1945, likafunguliwa tena mwaka 1949. Hata Hollókő, kijiji cha nyumba nyeupe kilichoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, kiliungua mwaka 1909. Nyumba unazoziona zilijengwa baada ya moto ule, kwa mtindo wa zamani.

Sababu ya majengo mapya kuvaa sura ya kale inajulikana. Nchi hii ilivamiwa na Wamongoli mwaka 1241. Buda ilitwaliwa na Waosmani mwaka 1541, ikabomolewa vibaya ilipokombolewa, kisha Budapest ikazingirwa tena majira ya baridi ya 1944 na 1945. Watu waliopoteza majengo mengi kiasi hicho waliijenga upya kumbukumbu yao kwa mawe. Si uongo wala aibu, na majengo hayo yana historia yake yenye uzito. Tatizo ni mtazamaji anayeipuuza historia hiyo ya kweli na kuyabandika majengo karne anayoipenda yeye.

Tena, hasara kubwa iko upande wa pili: kilicho cha kale kweli mara nyingi hakivutii kwenye kioo. Székesfehérvár, wafalme wa Hungaria walikotawazwa kwa takriban karne tano, kanisa la kutawazia limebaki misingi ya mawe mafupi, kwa sababu liliharibiwa kwa mlipuko mwaka 1601. Mtazamaji huipita misingi hiyo kwa sekunde tatu. Pécs kuna makaburi ya Wakristo ya karne ya nne yenye michoro ukutani, lakini yako chini ya ardhi. Juu ya ardhi, katika uwanja wa Széchenyi wa mji huo, kamera inaonyesha kuba la kijani ambalo wengi hudhani ni kanisa la kawaida. Ni msikiti wa Pasha Qasim, ambao sasa ni kanisa Katoliki, na juu ya kuba msalaba umesimama pamoja na mwezi mwandamo. Mji wa Eger ulihimili mzingiro wa Waosmani mwaka 1552 chini ya István Dobó, ukaanguka mwaka 1596. Mnara wake wa adhana, wa meta 40 hivi, bado umesimama, ingawa msikiti wake haupo tena.

Sasa ya kutenda, kwa ufupi. Andika jina la mji pamoja na neno "webkamera". Ndilo wanalotumia Wahungaria. Angalia saa iliyo pembeni mwa picha: isiposonga, hiyo si mubashara. Hungaria iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi, na saa moja majira ya joto. Usiku unapofungua kamera Desemba ukakuta giza, haijaharibika. Jua la huko huzama karibu saa kumi na mbili jioni yetu. Juni utaona mwanga hadi baada ya saa tatu usiku. Ukipata kamera yenye sauti Kőszeg, ifungue saa tano asubuhi yao: kengele hulia kukumbuka mwaka 1532, Miklós Jurisics alipolizuia jeshi la Sultani Suleiman lililoelekea Vienna. Mto ukifurika, kama Septemba 2024, kamera za Danube zina thamani kubwa kuliko maelezo yoyote.

Na kabla ya yote hayo, soma tarehe ya ujenzi, ya kubomolewa na ya kujengwa upya. Ni kazi ya dakika tano. Usipoifanya, umetazama Hungaria bila kuiona.