Ziwa Tanganyika: Mwanakemia aliyesoma joto la miaka 1,500 ndani ya tope

KALEMIE – Nyavu zinaporudi nyepesi asubuhi katika fukwe za Kalemie, wa kwanza kulaumiwa ni wavuvi: wamekuwa wengi, na baadhi yao wanatumia nyavu zenye matundu madogo mno. Lawama hizo zina ukweli. Lakini tope lililolala chini ya Ziwa Tanganyika linaonyesha sababu nyingine, na mmoja wa waliolisoma ni mwanakemia.

Jessica Tierney, raia wa Marekani, alikuwa akiandaa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Brown alipoanza kuchunguza tope hilo. Lilichimbwa karibu na Kalya, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania, kusini-mashariki mwa Kalemie. Tope huko hujipanga tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini.

Zamani hizo hakuna aliyepima joto la ziwa. Tierney alitumia mbinu ya kikemia iliyobuniwa mwaka 2002 na watafiti wa Uholanzi kwa ajili ya bahari. Majini huishi viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hubadilisha mafuta ya ngozi yao kulingana na joto la maji. Vikifa, mafuta hayo huzama na kuhifadhiwa kwenye tope. Anayepima umbo la mafuta hayo anaweza kukadiria joto la wakati ule.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Nature Geoscience. Maji ya juu yalikuwa yamefikia nyuzijoto 26 za Selsiasi, kiwango ambacho hakikuonekana katika miaka 1,500 iliyotangulia. Tope hilo lilionyesha pia kwamba kila joto lilipopanda, mimea midogo ya majini ilipungua.

Hapo ndipo kemia inapomgusa muuza samaki wa Kalemie. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi iko chini. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaosaidia kuipandisha juu. Lakini maji ya moto ni mepesi, hukaa juu kama kifuniko, na upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Rutuba isipopanda, mimea midogo hukosa chakula, vijidudu vinavyoila hupungua, kisha ndagala, kisha mikebuka wanaowala ndagala.

Wanabiolojia nao wamefika kwenye hitimisho linalofanana. Mwaka 2016, timu ya Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona ilihesabu mabaki ya samaki na konokono katika tope la ziwa hilo, na kuyalinganisha na kumbukumbu za joto. Iligundua kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujapamba moto katikati ya karne ya 20. Ilikadiria pia kwamba, katika maeneo iliyoyachunguza, sehemu ya chini yenye hewa ya oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Tierney, ambaye sasa ni profesa katika chuo hicho hicho cha Arizona, hakuishia Tanganyika. Alipima nta ya majani ya kale ili kujua mvua ilivyonyesha, kuanzia Afrika Mashariki hadi Sahara ya enzi zile ilipokuwa na majani mabichi. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, na mwaka 2022 alipata tuzo ya Alan T. Waterman, inayotolewa Marekani kwa wanasayansi vijana.

Kwa Kalemie, utafiti huu haumwondolei mvuvi wajibu wake. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvumilia nyavu zinazokomba hata samaki wachanga. Lakini unaonya pia kwamba kufunga uvuvi kwa msimu, hatua ambayo nchi zinazopakana na ziwa zimeikubali, hakutapooza maji. Joto hilo linatokana zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, na anayelipa ni mama anayeanika ndagala ufukweni.