Mashua ya Plaiwudi Isiyoogopa Kupwelewa

Ghuba ya Florida, kwenye ncha ya kusini ya Marekani, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, lakini kina chake kwa wastani ni kama mita moja tu. Mtu mzima akisimama humo maji humfika kiunoni, na akitazama pande zote haoni kitu ila bahari na visiwa vya mikoko. Yoti ya kawaida ya mita tisa haina lake huko. Mkuku wake, uliojazwa chuma au risasi, hushuka mita moja na nusu chini ya maji, kwa hiyo nahodha huizunguka ghuba kwa mbali na kuishia kuitazama kwenye ramani.

Wanaoingia ndani ni wenye mashua za ajabu kidogo: ndefu, nyembamba, zenye kitako bapa na mbavu zilizosimama karibu wima, zilizoundwa kwa plaiwudi kana kwamba fundi alianza kutengeneza kabati akabadili nia. Humo watu hulala, hupika, hufua na kukaa miezi. Anayeiona mashua ya namna hii mara ya kwanza hudhani mwenyewe alishindwa gharama za chombo cha maana. Kumbe umbo lile limepigiwa hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu yenyewe ni fizikia ya sekondari.

Tuanze na kuelea. Tuseme mashua ina urefu wa mita 9 na upana wa mita 2.4. Kwa kuwa omo na tezi vimechongoka, eneo lake pale linapokatwa na uso wa maji ni kama mita za mraba 14. Basi kila ikizama sentimita moja husukuma lita 140 za maji, na kwa kanuni ya Archimedes hapo imebeba kilo 140 na ushei. Mashua ya tani tatu itazama wastani wa sentimita 21, na kwa sababu kitako chake kimepinda kidogo kutoka mbele hadi nyuma, pale katikati itafika kama sentimita 30. Sasa pakia lita 200 za maji ya kunywa, magunia ya chakula, mtungi wa gesi, vitabu na nanga ya akiba, jumla kilo 400. Mashua imeshuka sentimita tatu tu. Kwa mtu anayeufanya mtumbwi kuwa nyumba, huo ni utajiri.

Umbo hili lilikuwapo kabla ya plaiwudi. Katikati ya karne ya 19 wavuna chaza wa New Haven, jimbo la Connecticut, walikuwa wakitumia mitumbwi ya magogo. Miti minene ilipoadimika, wakaanza kuunda mashua za mbao zenye kitako bapa, wakaziita sharpie. Ziliundwa haraka, zilikuwa rahisi, na mtu mmoja aliweza kusimama ubavuni akachota chaza kwa makoleo yake marefu bila kupinduka. Mwaka 1886 Ralph Munroe, mkazi wa Coconut Grove kule Florida, aliundiwa sharpie yenye ncha pande zote mbili, urefu wake ukizidi kidogo mita 8. Aliipa jina Egret. Pwani ile haikuwa na bandari wala barabara ya kutajika, na Munroe alikuwa akiipitisha juu ya mafungu ya mchanga, mawimbi yakivunjika, mahali ambapo vyombo vyenye mkuku vilikuwa vikiacha mbao zao. Michoro yake ilipotea. Waundaji wa leo wanaikisia kutoka kwenye picha, jambo ambalo halijawazuia kuunda nakala nyingi.

Aliyelichukua wazo hilo na kulipeleka mbali zaidi ni Philip Bolger wa Gloucester, Massachusetts, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2009. Alichora mashua zaidi ya 600, na kati ya hizo imo nakala ya manowari ya Uingereza ya karne ya 18, HMS Rose, ile iliyotumika baadaye katika filamu ya Master and Commander. Mtu mwenye uwezo wa kuchora meli kama hiyo hawezi kusemwa kwamba alichora masanduku kwa kukosa ujuzi. Mwenzake Harold Payson, fundi wa jimbo la Maine, aliziunda nyingi na kuwauzia watu michoro, wakiwemo waliokuwa hawajawahi kushika randa.

Katika miaka ya 1980 Bolger alichora AS-29, ambayo ndiyo mfano mzuri wa nyumba ya namna hii: urefu mita 9, upana chini kidogo ya mita 2.4, na kina cha kama futi moja. Milingoti miwili inajisimamia bila kamba za kuishikilia, na ule mkubwa unalazwa mtu akitaka kupita chini ya daraja. Tanga dogo la nyuma kabisa lina kazi hata wakati wa mapumziko. Ukitia nanga ukaliacha limekazwa katikati, hukamata upepo na kuielekeza omo upande upepo unakotoka, na mashua hutulia badala ya kuyumba huku na huko usiku kucha.

Swali ambalo baharia yeyote ataliuliza ni hili: bila mkuku, itakwendaje joshi? Mashua inapokwenda joshi, sehemu kubwa ya nguvu ya tanga huisukuma kando. Lazima kuwe na kitu majini cha kuikatalia. Sharpie nyingi zina ubao wa kati unaoshushwa kwenye sanduku lake ndani ya mashua, lakini sanduku hilo hukaa katikati ya chumba, na mawe yakiingia ubao hukwama. Bolger alipenda njia ya Waholanzi: mbao mbili zinazoning'inia nje, moja kila ubavu. Unashusha ile ya upande wa chini, wa demani, na kuiinua nyingine. Ubao uliozama hufanya kazi ya bawa. Maji yakiupiga kwa pembe ndogo, hutoa nguvu ya kusukuma kuelekea upande wa upepo. Majahazi ya mizigo ya mto Thames yalitumia mbao hizihizi, nayo yalikuwa vyombo vya urefu wa zaidi ya mita 20 vinavyoendeshwa na mtu mzima mmoja na kijana. Kupiga bisho kwa mbao hizo kunawezekana, ingawa asitokee mtu akakudanganya kwamba mashua hii itaukaribia upepo kama yoti ya mashindano. Na kwenye maji mafupi sana, pale ubao unapolazimika kuinuliwa, inateleza kando kama kawaida.

La pili ni kupinduka. Kitako bapa na kipana ni kigumu kuinama mwanzoni, kwa kuwa kila ukiegemea upande mmoja, upande huo huzama na kusukumwa juu. Lakini ugumu huo una mwisho. Mashua ikishainama sana, upana hausaidii tena, na hapo ndipo mashua bapa nyingi za uvuvi zilipopinduka na kubaki hivyo. Bolger aliliendea tatizo hili kwa njia mbili kwa pamoja. Uzito aliuweka chini kabisa, kitako kikiwa kinene kuliko mbavu mara kadhaa, na katika baadhi ya michoro yake bamba la chuma lilifungwa chini, likawa farumi na kinga dhidi ya mawe kwa wakati mmoja. Kisha akazifanya mbavu kuwa ndefu na zisizopitisha maji. Mashua ikilazwa ubavu, ukuta wote ule huwa boya kubwa lililo juu ya uzito, nayo husukumwa kurudi. Zile mbavu ndefu zinazoifanya ionekane kama kabati ndizo zinazoiinua, na ndizo zinazompa mkazi wake nafasi ndani. Gharama yake ni upepo: ukuta mrefu ni tanga usilolitaka wakati wa kuingia gatini.

Kuna jambo jingine ambalo Bolger alilishikilia maisha yake yote, nami naliona ndilo zuri kuliko yote. Kwenye mashua ya sanduku, mbavu na kitako hukutana kwenye kona kali. Mashua inapokwenda, maji yanayopita ubavuni hubanwa kwa kadiri ya mpindo wa ubavu, na yanayopita chini hubanwa kwa kadiri ya mpindo wa kitako. Mipindo hiyo ikitofautiana, mgandamizo nao hutofautiana, na maji hukimbia kuvuka ile kona kutoka penye nguvu kwenda penye unyonge. Yakivuka huzunguka na kuwa vizingia, na vizingia hula mwendo. Dawa yake ni kuulinganisha mpindo wa ubavu na ule wa kitako, mgandamizo uwe sawa pande zote mbili, maji yasione sababu ya kuvuka. Ndiyo maana sanduku lililochorwa vizuri hukimbia, na lile la fundi aliyekadiria kwa jicho huburura.

Plaiwudi iliwezekana kuingia baharini kwa sababu ya gundi. Plaiwudi ya mwanzo ilibanduka ikilowa. Katika miaka ya 1930 ndipo gundi ya fenoli isiyoyeyuka majini ilipoanza kutumika viwandani. Tabaka zake hupishanishwa, nyuzi za moja zikienda urefu na za inayofuata upana. Ubao wa kawaida hutanuka sana kukatisha nyuzi na karibu hautanuki kufuata nyuzi, kwa hiyo kila tabaka humzuia jirani yake. Matokeo yake ni mashua isiyohitaji kalafati wala kulowekwa ili mbao zivimbe zizibe nyufa. Ukifunika nje kwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi, wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawana pa kuingilia, ilimradi ngozi hiyo isichubuke.

Adui aliyebaki huishi ndani. Kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu, hewa na joto la wastani, na chumvi huizuia kidogo. Maji ya mvua yaliyotulia kwenye pembe ni mabaya kuliko maji ya bahari. Vilevile jasho na pumzi: watu wawili waliolala hutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja, na kila kilo ya gesi ya propani inayochomwa jikoni huzaa kilo moja na zaidi ya nusu ya mvuke. Yote hayo hutafuta mahali baridi pa kugandamana. Mbao hupitisha joto polepole mno ukilinganisha na chuma au alumini, kwa hiyo kuta za plaiwudi hazitiririki maji asubuhi, lakini nyuma ya godoro na chini ya makabati, hewa isipopita, kuvu huanza. Wanaoishi humo miaka mingi hutoboa matundu kwenye kila mlango wa kabati na huinua magodoro kila siku bila kukosa.

Kinachowavutia watu kwenye maisha haya, hata hivyo, ni kupwelewa kwa hiari. Kwetu jambo hili si geni. Kwenye pwani ya Lamu na Unguja, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, vyombo hukaa mchangani kila siku, na vile vyenye mkuku hutiwa magadi ubavuni visilale. Mashua ya kitako bapa haihitaji gadi. Maji yakipwa, kwanza usukani huinuka wenyewe kwenye bawaba yake, kisha ubao wa ubavuni hugusa na kulegea kwenye kamba. Halafu kinakuja kipindi kibaya: mashua haijakaa, haijaelea, na kila wimbi dogo huiinua na kuibwaga. Kwenye kijito kilichojificha hudumu dakika chache. Kwenye ufuko ulio wazi kwa mawimbi huweza kuvunja kitako. Baada ya hapo sakafu huwa imara kama ya nyumba. Sufuria haimwagiki, na mkazi hushuka kwa ngazi kutafuta chaza na kusugua magugu yaliyoota chini.

Kosa linaloogopwa ni kupanda fungu wakati wa kilele cha bamvua. Maji yajayo yatakuwa madogo kuliko yale yaliyokuleta, na ya baadaye madogo zaidi, hadi maji mafu yapite. Utakaa wiki mbili. Jingine ni nyasi za bahari, ambazo kule Florida zinalindwa kwa sheria, maana kovu la panga la injini kwenye nyasi hizo huchukua miaka kupona. Uwezo wa kufika popote haukupi haki ya kukwaruza popote.

Na usingizi? Nanga ikiwa majini, viwimbi vidogo hupiga chini ya omo bapa, na plaiwudi huvuma kama ngoma. Ikienda kwa tanga tatizo hupungua, kwa kuwa mashua iliyoinama hukutana na wimbi kwa kona yake badala ya kitako kizima. Ikiwa wima, ikienda kwa injini dhidi ya mawimbi ya mbele, hubamiza meno. Katika michoro ya baadaye Bolger aliongeza sanduku jembamba mbele ya omo, lililozama, likate maji kabla hayajafika kwenye kitako. Linasaidia, na linazidisha ubaya wa sura.

Mmarekani mwingine, Matt Layden, aliona hata mbao za ubavuni ni mzigo. Mashua yake iitwayo Paradox ina urefu wa mita 4.2, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 23. Haina mkuku, haina ubao wa kati, haina mbao za nje. Kwenye ile kona ya ubavu na kitako amebandika papi mbili nyembamba zinazotokeza kwa nje, moja kila upande. Mashua ikiinama, papi ya chini huzama zaidi na kuyazuia maji yanayotaka kupenya chini kwa chini, na mbavu zenyewe ndizo zinazofanya kazi ya ubao. Nahodha hukaa ndani, dirisha likimzunguka kichwa, na kamba zote humfikia mkononi: ya usukani, ya tanga, na ile inayolizungusha tanga kwenye foromali yake ya chini ili kulipunguza upepo ukizidi. Mvua ikinyesha hafanyi lolote ila kufunga mlango wa juu. Usiku ukifika huvuta kamba ya tanga, huteremsha nanga, na kujilaza palepale alipokuwa amekaa.