Tulilipia wazazi safari ya Kibeho, wengine wakaishia Ruzizi

Siku ya Mungu, tarehe 13 Agosti 2017, wazee 26 wa kwetu Luhwindja walisimama pembeni ya barabara tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Wamama walikuwa na vitenge vipya, wazee na kofia zao, kila mtu na rozari. Ajansi moja ya Bukavu iliahidi kuwapeleka Kibeho, Rwanda, kwa sikukuu ya 15 Agosti. Usafiri, kulala, chakula, karatasi za mpaka: yote dola 110 kwa mtu mmoja. Bisi kubwa ingefika saa kumi na mbili.

Ilifika saa tano. Na haikuwa bisi kubwa, ilikuwa minibisi ya viti 18. Wazee wakabanana, wengine wakakaa juu ya mifuko, njia yote kupitia Walungu mpaka Bukavu. Wawili kati yetu sisi watoto tuliwasindikiza, na tulisimama.

Munajua wenyewe juu ya nini wazazi wanapenda Kibeho. Pale, tarehe 28 Novemba 1981, binti wa shule Alphonsine Mumureke alisema ameonekewa na Bikira Maria. Wenzake wawili, Nathalie na Marie Claire, wakafuata. Kanisa lilichunguza kwa miaka mingi, na tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro akatangaza kwamba mambo ya wale mabinti watatu ni ya kweli. Kwa sisi wa Kivu, si Lurdi ya mbali ya kupanda ndege. Unavuka Ruzizi, unapita msitu wa Nyungwe, na siku hiyo hiyo unafika.

Na munajua pia ile dola 110 inatoka wapi. Inatoka ndani ya shimo. Kuna kijana aliyekaa miezi mitatu akiweka kidogo kidogo kwenye MUSO. Kuna mama anayetwanga mawe aliyemlipia mama mkwe wake. Tate mmoja alikuwa na sababu yake: mwana wake alifunikwa na shimo mwaka 2014, na yeye alitaka kumwombea pale Kibeho kabla miguu haijakataa.

Kiongozi wa safari alikuwa akituambia kila siku: «Musijali, bamama. Makaratasi yote iko kwangu.» Kwenye mpaka wa Ruzizi akatoa orodha. Majina manne hayakuwemo. Tate alikuwa mmoja wao. Watu wa mpaka hawakuwa na kosa. Bila karatasi, hakuna kupita. Kiongozi akasema: «Hawa nne nitakuja kuwachukua kesho asubuhi.» Mmoja wetu akabaki nao, wakalala kwa ndugu Kadutu. Kesho hakuja mtu. Simu ilikuwa imefungwa. Tarehe 15, wakati wenzake walikuwa kwenye misa, tate alisali rozari yake Kadutu, akiangalia milima ya Rwanda ng'ambo ya maji.

Wale 22 waliofika nao hawakufurahi sana. Kulala kulikuwa ndani ya darasa la shule, juu ya sima, mikeka haikutosha, na munajua baridi ya milima. Chakula kilikuja mara moja kwa siku. Mzee mmoja wa ugonjwa wa sukari alianza kutetemeka usiku. Ni mama mmoja wa Bukavu, asiyetujua, aliyempa chai na mkate. Njiani dereva alikataa kusimama ili wazee wajisaidie. Misa yenyewe, wanasema, ilikuwa nzuri sana. Hiyo hakuna anayeikataa.

Tuliporudi tulienda kuuliza pesa. Jibu: «Pesa ilishaisha kwa mafuta. Na reçu yenu iko wapi?» Hatukuwa nayo. Tulimpa mtu pesa mkononi kwa sababu alisalimia vizuri na alijua nyimbo za kanisa. Kisha miezi mingi, wale wanne walirudishiwa dola 40 kila mtu. Basi.

Kitu kilichotuuma zaidi ni kwamba wazee hawakulalamika. Mzazi anaona mtoto amelipa, anaogopa kumvunja moyo, anasema tu: «Tulifika salama, Mungu asifiwe.» Ukweli tuliupata polepole, kisha wiki mbili tatu. Kwa hiyo kama mzazi wako amerudi safari na hasemi kitu, muulize mara mbili.

Kila mwaka Agosti ikikaribia, matangazo ya safari yanarudi. Tunaomba muangalie haya. Lipa nusu mbele, nusu siku ya kupanda gari, na reçu yenye jina la kila mzee. Nenda uone gari, uhesabu viti. Kila mzee ashike karatasi zake mwenyewe, na kama kuna mashaka uliza DGM wiki mbili kabla, si siku ya safari. Piga simu kule watakapolala. Dawa za tansiyo na za sukari zikae mfukoni mwa mzee, si ndani ya mfuko ulio juu ya gari. Na tafuta mtu aliyesafiri na ajansi hiyo mwaka uliopita. Kama hakuna hata mmoja, acha.

Mwaka uliofuata MUSO yetu ilipanga yenyewe, pamoja na parokia. Watatu kati ya wale wanne walifika Kibeho. Tate hakwenda. Miguu ilikuwa imeshakataa. Alitoa rozari yake ipelekwe, ikarudi imebarikiwa, na sasa inatundikwa juu ya picha ya mwana wake.

Sisi watu wa shimo, PDG akisema mbao ziko imara, bado tunazigusa wenyewe kabla ya kushuka. Tukimpandisha mzazi gari, tufanye vilevile.