Kurekebisha Dupleksa ya Ripita ya Redio ya Ridhaa: Kelele za Transmita na Mipaka ya Kipimo cha Nguvu

Ripita ya redio ya ridhaa hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Katika mkanda wa megahezi 144 hadi 146, unaotumika katika Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ambamo Afrika yote imo, masafa ya kupokea kwa kawaida huwa chini ya yale ya kurusha kwa kilohezi 600 tu. Ripita inayorusha katika megahezi 145.650, kwa mfano, hupokea katika 145.050. Dupleksa ndiyo inayotenganisha transmita na kipokezi ndani ya pengo hilo jembamba. Ikishindwa, ripita husikika mbali lakini yenyewe haisikii, na wa kwanza kupotea ni mwenye ishara dhaifu, ambaye pengine ndiye anayeomba msaada.

Mwingiliano huu hutokea kwa njia mbili, na kuzichanganya ndiko chanzo cha marekebisho mengi yasiyozaa matunda. Njia ya kwanza ni wimbi kuu la transmita kuingia katika kipokezi na kukilemea hadi usikivu wake upungue. Njia ya pili haionekani kwa urahisi: transmita yoyote hutoa, pembeni mwa wimbi lake kuu, kelele hafifu zilizotawanyika katika masafa mengi, yakiwemo masafa yaleyale ya kupokea. Kelele hizo zikishafika kwenye kipokezi, hakuna chujio lolote linaloweza kuziondoa bila kuiondoa pia ishara inayotafutwa, kwa kuwa zote ziko mahali pamoja. Ni lazima zizuiwe zinakotoka. Kwa hiyo kaviti za upande wa transmita hurekebishwa zipitishe 145.650 na kuzuia 145.050, na zile za upande wa kipokezi zifanye kinyume chake.

Hesabu ndogo inaonesha ukubwa wa kazi. Wati 50 ni sawa na dBm +47. Tuchukulie kuwa kelele za transmita katika upana wa chaneli ya kupokea ziko desibeli 85 chini ya wimbi kuu, yaani dBm −38, na kwamba kelele za kipokezi chenyewe ni dBm −126. Kizuizi cha desibeli 88 kitazisawazisha tu kelele hizo mbili, na usikivu utapungua kwa desibeli 3. Ili upotevu ushuke hadi takribani desibeli 1, zinahitajika desibeli 94.

Hapa ndipo desturi ya kurekebisha dupleksa kwa kipimo cha nguvu inapokosea. Fundi huzungusha skrubu hadi nguvu inayofika kwenye antena iwe kubwa kabisa, kisha huridhika. Mwandishi wa makala haya naye alianza hivyo. Kipimo hicho huonesha kilele cha kupitisha pekee. Kuhusu bonde la kuzuia, lililoko kilohezi 600 pembeni, hakisemi lolote. Upotevu wa desibeli 1.5 hupunguza wati 50 zikabaki takribani 35, na msikilizaji hatambui tofauti. Bonde lililohama kidogo, kinyume chake, huifanya ripita kuwa kiziwi.

Utaratibu unaofaa ni kurekebisha kaviti mojamoja, ikiwa imewekewa vipunguza nguvu pande zote mbili ili ione omu 50. Kilele hupangwa kwanza kwa fimbo ya ndani, kisha bonde kwa kapasita. Kwa kuwa kila kimoja hukisogeza kingine, hatua hizi hurudiwa mara mbili au tatu. Kuna sababu nyingine ya kutopima mnyororo mzima kwa mara moja: vichanganuzi vingi vya bei nafuu haviwezi kuona bonde lenye kina cha desibeli 90, na kinachoonekana kwenye kioo kama sakafu ya bonde huwa ni kelele za chombo chenyewe. Nyaya za kuunganisha kaviti ziwe na kinga maradufu, kwani uvujaji katika waya mmoja hubatilisha kazi yote.

Joto nalo lina sehemu yake. Shaba hutanuka kwa takribani sehemu 17 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Kwa badiliko la nyuzi 20, fimbo ya shaba inaweza kulisogeza bonde kwa karibu kilohezi 49. Ndiyo maana fimbo nyingi hutengenezwa kwa aloi ya inva, ambayo hutanuka kwa kiasi kidogo sana.

Uthibitisho wa mwisho hufanywa kwa kuingiza ishara dhaifu kupitia kiunganishi cha pembeni na kulinganisha kiwango kinachohitajika transmita ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Tofauti ndiyo upotevu wa usikivu. Kaviti ya ziada ikiongezwa upande wa kipokezi na hali isibadilike, tatizo ni kelele za transmita. Jaribio lifanyike kwanza kwa mzigo bandia, kisha kwa antena halisi. Tatizo likijitokeza kwa antena pekee, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiungo chenye kutu mnarani au waya uliolegea ndio unaozalisha kelele, na hapo dupleksa isiguswe.